SOMO LA IJUMAA: KUZINGATIA UUMBAJI NI IBADA NA NI KITULIZO CHA MOYO

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukrani zote kwa Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Ndugu Waislamu, wengi wetu hapa Maniema tulifiwa katika vita vya 1998 hadi 2003, na hata leo wako ambao usiku usingizi hauwajii. Leo tujifunze kitulizo kimoja kisichonunuliwa: kukaa kimya mbele ya mto, miti na nyota, na kuzingatia.

1. Mfano wa Mtume (s.a.w.). Kabla ya kupewa utume, mwaka 610, alizoea kupanda mlima ulio karibu na Makka, akikaa peke yake katika pango la Hira, mbali na kelele za mji. Huko ndiko wahyi wa kwanza ulikomshukia. Lakini tuangalie: alirudi nyumbani akitetemeka, akaomba afunikwe nguo, na mke wake, Bibi Khadija (r.a.), ndiye aliyemtuliza. Basi baada ya upweke wa mlimani alihitaji pia mtu wa kumsikiliza.

2. Ushahidi wa wataalamu. Mwaka 1984, Roger Ulrich wa Marekani alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa na kuondolewa mfuko wa nyongo. Madirisha ya 23 yalielekea miti, ya 23 wengine yalielekea ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitali mapema zaidi, na walitumia dawa kali za maumivu mara chache. Mwaka 2019, katika uchunguzi wa watu karibu 20,000 wa Uingereza, waliokaa penye miti au maji dakika 120 au zaidi kwa juma ndio waliosema zaidi kwamba wana afya na wameridhika. Hizo ni kama dakika 17 tu kwa siku.

3. Mpaka wake. Nabii Ibrahim (a.s.) alitazama nyota, mwezi na jua, vyote vikatua, naye akamwelekea Aliyeviumba. Hatuabudu mto wala mti. Na mgonjwa asiache kwenda hospitali.

Tufanye nini? Baada ya sala ya Alfajiri, usikimbilie telefoni. Keti ukingoni mwa Lualaba au chini ya mwembe, pumua taratibu, mtaje Mola wako, hesabu neema zake. Kisha fanya kama Bibi Khadija: pita kwa jirani aliyefiwa, umuulize alilalaje, na umsikilize.

Mwenyezi Mungu atulize mioyo yetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.