Pima Mzigo Kabla ya Safari: Mavazi na Viatu Vyepesi kwa Matembezi ya Kikundi

Kila dereva wa lori anaijua Mariakani kwa mizani yake kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi. Lori lililozidisha uzito huzuiwa pale. Kijana anayeondoka nyumbani na begi zito kupita kiasi hana wa kumzuia. Huja kuzuiwa na miguu yake mwenyewe, mara nyingi siku ya pili, na kikundi kizima husimama naye.

Somo hili linawalenga vijana, walimu na wazazi wanaojiandaa kwa matembezi ya siku kadhaa, yakiwemo yale ya mpango wa Tuzo ya Rais. Katika mpango huo vijana husafiri kwa vikundi vya watu 4 hadi 7. Ngazi ya shaba huchukua siku 2 na usiku 1, ya fedha siku 3 na usiku 2, na ya dhahabu siku 4 na usiku 3.

Mwongozo unaofuatwa na wengi ni kwamba begi lisizidi robo ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 48 hapaswi kubeba zaidi ya kilo 12. Akibeba lita 4 za maji, tayari kilo 4 zimekwenda. Maji hayapunguzwi katika jua la Mariakani, na chakula ni lazima. Panapoweza kupunguzwa ni kwenye nguo na viatu.

Viatu kwanza

Mtu ambaye hatua yake ni sentimita 75 hupiga hatua zaidi ya 13,000 katika kilomita 10. Kila mguu huinuliwa mara 6,600 hivi. Kiatu kikizidi gramu 300 tu, mguu mmoja utakuwa umeinua karibu kilo 2,000 za ziada kufikia mwisho wa safari. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa njia kavu za bara ya Kilifi, raba iliyofunika mguu na yenye soli nene yatosha. Buti nzito za kazi hazihitajiki. Sapatu na ndara zibaki za kuvaa kambini, kwa sababu miiba ya migunga hupenya soli laini, na nyoka aina ya bafe hulala njiani bila kusogea hata mtu anapokaribia. Kiatu kilichofunika mguu na suruali ndefu hupunguza hatari hiyo. Anayeumwa na nyoka atulizwe, asichanjwe wala kufungwa kamba, na apelekwe hospitali mara moja.

Unaponunua viatu, vya dukani au vya mitumba, zingatia haya:

1. Vijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi za safari. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.
2. Kunja kiatu. Kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati ya wayo.
3. Vuta ukingo wa soli. Gundi ya mitumba huenda imekauka, na soli ikaachia katikati ya safari. Fundi viatu anaweza kuishona pembeni.
4. Vivae kwa wiki 2 kabla ya safari. Kiatu kipya siku ya kwanza ni malengelenge siku ya pili.

Beba jozi 3 za soksi. Mguu ukianza kuwaka moto, simama hapo hapo na uubandike plasta. Usione haya kusimamisha wenzako: dakika 5 za kusimama ni nafuu kuliko nusu siku ya kuchechemea.

Nguo: seti mbili tu

Seti moja ni ya kutembea, nyingine ni kavu ya kulalia. Nguo ya kutembea ifuliwe jioni na kuanikwa. Jinzi iachwe nyumbani: ni nzito ikiwa kavu, na ikilowa haikauki usiku mmoja. Suruali nyepesi ya polista na shati pana la mikono mirefu huzuia jua, kupe na miiba. Kofia iwe ya ukingo mpana, unaokinga na shingo.

Leso moja ni shuka, taulo, kivuli na kitambaa cha kubebea mkono ulioumia. Mwavuli nao usidharauliwe. Johannes Rebmann alipoondoka Rabai Aprili 1848 pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri, katika safari iliyomfikisha kuiona theluji ya Kilimanjaro, mwavuli ulikuwa miongoni mwa vifaa vyake.

Wakati wa masika, koti jepesi la mvua liongezwe. Wanaokwenda kwenye baridi, kama Milima ya Taita, waongeze sweta la sufu, kwa kuwa pamba iliyolowa humpoza mtu haraka.

Nguo za madoadoa zinazofanana na za jeshi zisinunuliwe hata zikiwa rahisi. Sheria ya Kenya haimruhusu raia kuzivaa.

Ukipita karibu na kaya

Kaya Fungo, Kaya Rabai na Kaya Kauma ni miongoni mwa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Haziingiwi bila idhini ya wazee. Katika baadhi ya kaya mgeni hujifunga kaniki, na huenda akatakiwa kuvua viatu. Kikundi kiulize mapema ili vazi hilo liingizwe kwenye hesabu ya uzito.

Pimeni pamoja

Siku 3 kabla ya safari, kikundi kikutane na kila mtu amwage begi lake. Kitu ambacho mmoja akibeba kinawatosha wote, kama sabuni, sindano na uzi, dawa ya meno au plasta, kibebwe na mmoja. Kisha mabegi yapimwe kwa mizani ya dukani. Anayezidi robo apunguze. Akiwa ameshapunguza na bado amezidi, wenye nguvu wamgawane mzigo kabla ya kuondoka, kwa sababu kikundi hufika kwa mwendo wa yule aliye nyuma kabisa.