Makombo ya Sikukuu: Nasaha kwa Nyumba Zenye Paka na Mbwa

Katika siku za Idd-ul-Fitri na Idd-ul-Hajj, majiko ya Shimoni na Wasini yanapowashwa tangu alfajiri na harufu ya pilau ikaenea mitaani, hapana nyumba isiyotoa makombo, wala makombo yasiyopata mlaji. Kwani paka hungoja mlangoni pa jiko, na mbwa wa ulinzi nyuma ya ua. Kumkumbuka mnyama siku ya furaha ni ada njema, na dini imetuhimiza kumhurumia, walakini yafaa kujua tunampa nini.

Mwenye nyumba hudhani kwamba kitunguu kilichokwisha kupikwa hakina ubaya, ilhali kitunguu maji na kitunguu thomu, viwe vibichi, vimekaangwa au vimekaushwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka na mbwa, na paka ndiye dhaifu zaidi. Aghalabu dalili hudhihirika baada ya siku kadhaa, ufizi ukiwa umekwajuka na mkojo umegeuka rangi ya kahawa, hali watu wa nyumba wamekwisha kuisahau ile sahani ya masala. Zabibu kavu za biriani huweza kuharibu figo za mbwa; na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vikatoboa matumbo.

Lakini sisi watu wa bahari tuna hatari yetu wenyewe, nayo ni samaki aitwaye bunju. Mvuvi akimpata katika wavu au dema humtupa ufuoni, naye paka hajui hadhari. Sumu yake, iliyomo zaidi katika ini, mayai, matumbo na ngozi, haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Hulegeza viungo mpaka pumzi ikasita, na dawa ya kuikata haijapatikana. Kwa hiyo bunju na azikwe mbali na mchanga wanapochezea watoto, wala asiachwe juu ya jamvi pamoja na vichwa vya changu na tafi.

Siku ya kuchinja ina jambo lake. Ini au pafu la ng'ombe, mbuzi au kondoo likionekana lina malengelenge ya maji, msimtupie mbwa: humo mna mbegu za mnyoo ambao hukua tumboni mwake bila kumdhuru, kisha mayai yake yakatoka kwa kinyesi, yakashika manyoya na mikono ya watoto, na kwa binadamu yakafanya uvimbe wa maji katika ini au mapafu, ambao huweza kukua miaka mingi kabla ya kujulikana. Maradhi haya yamewatesa mno wenzetu wa Turkana. Kiungo hicho na kichomwe, au kizikwe shimo refu asilolifukua mbwa.

Anayetaka kuwakirimu wanyama wake na awatengee wali mtupu na nyama isiyo mfupa kabla viungo havijatiwa. Mnyama akila kibaya, msimnyweshe maziwa wala mafuta, na Panadol msimpe kabisa, kwani kidonge kimoja huweza kumwua paka. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo pamoja na mabaki ya alichokula. Na binadamu aliyekula bunju, midomo ikianza kufa ganzi, apelekwe hospitali ya Msambweni saa ile ile, wala asingojwe kutapika.