MABATI YA AKINA MAMA WA NYERI
Zamani katika nchi ya Wakikuyu, kukata na kuchukua nyasi za kuezekea nyumba ilikuwa kazi ya wanawake. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoleta kuunganishwa na kuandikishwa kwa mashamba, hati nyingi ziliandikwa kwa majina ya wanaume.

Katika miaka ya 1960 akina mama wa Nyeri na wilaya za jirani walifuata desturi ya ngwatio, yaani kusaidiana kulima. Walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakaweka fedha pamoja, wakanunuliana mabati kwa zamu.

Bati halikumpa mama hati ya shamba. Lakini alikinga maji safi ya mvua, na safari za mtoni zikapungua. Haba na haba hujaza kibaba; kule Nyeri ilijaza hata pipa.