Kitanda cha Mtoto Kinachogeuka: Je, Tununue?

Baada ya mkutano mmoja wa jumuiya huko Mazinde Juu, baba mmoja kijana alitusubiri nje akiwa na simu mkononi. Mke wake alikuwa mjamzito wa miezi saba, na hiyo ilikuwa mimba yao ya kwanza. Alituonyesha picha ya kitanda cha mtoto chenye fito pande zote nne, ambacho muuzaji anasema kinakua pamoja na mtoto. Leo ni kitanda cha mtoto mchanga. Akifikisha miaka miwili, unaondoa ubavu mmoja ili apande na kushuka mwenyewe. Akiwa mkubwa unafungua pande zote, unaongeza mbao mbili ndefu, kinakuwa kitanda cha mtu mzima. "Unanunua mara moja tu," ndivyo tangazo lilivyosema. Bei yake ilikuwa karibu sawa na fedha zote walizokuwa wamejiwekea kwenye kikundi. Akatuuliza: je, nikinunua nitakuwa nimefanya vizuri?

Tulimwomba atupe muda, tukaona ni afadhali tumjibu hapa, kwa kuwa swali hili si lake peke yake. Vitanda vya namna hii vinauzwa katika miji mikubwa, na ukimpa fundi seremala picha, atajaribu kukutengenezea. Wazazi wengi wanaona kwamba asiyemnunulia mtoto kitanda kama hicho hajampenda vya kutosha. Hebu basi tulitazame jambo hili taratibu.

Miezi ya kwanza mtoto alale wapi?

Katika miezi sita ya kwanza mtoto ananyonya maziwa ya mama tu, mchana na usiku. Kwa hiyo mahali pake ni karibu na mama, katika chumba kile kile. Wataalamu wa watoto wanashauri alale chumba kimoja na mama lakini juu ya godoro lake mwenyewe, lililo gumu kidogo na tambarare, bila mto, bila mablanketi mazito wala nguo laini zilizorundikwa kichwani. Alazwe chali. Zamani tuliambiwa mtoto alazwe kifudifudi asije akapaliwa akicheua. Ushauri huo ulikuwa na makosa. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi kulaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani ikafanya kampeni kama hiyo kuanzia 1994. Katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua sana katika nchi hizo zote mbili.

Tunajua kwamba katika nyumba zetu nyingi mtoto hulala kitanda kimoja na mama, na hatutaki kuwatisha akina mama wanaofanya hivyo. Ila tuseme wazi: ni hatari kubwa ikiwa mmoja wa wazazi amekunywa pombe, anavuta sigara, au ametumia dawa zinazoleta usingizi mzito. Ni hatari pia kulala na mtoto kwenye kochi. Naye mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye uzito mdogo hana haja ya kitanda cha fundi yeyote katika siku zake za mwanzo. Anahitaji kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto hao waanzishiwe njia hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Mnaona basi kwamba kitanda chenye fito kinaweza kumfaa mtoto tangu siku ya kwanza kikiwekwa kando ya kitanda cha mama, lakini si sharti. Faida yake huonekana zaidi mtoto anapoanza kutambaa na kusimama, wakati mama yuko jikoni na mtoto amelala chumbani. Hapo uzio humzuia asianguke wala kufikia jiko, mafuta ya taa au ndoo ya maji.

Hesabu ya "mara moja tu"

Kitanda kinachogeuka kimebuniwa kwa ajili ya nyumba yenye mtoto mmoja anayekua peke yake na chumba chake. Sasa tuchukue familia ya parokia yetu. Tunawashauri akina mama wapumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Tuseme mama amefuata ushauri huo, akapata mimba mara tu muda huo ulipokwisha. Mtoto wa pili atazaliwa wa kwanza akiwa na miaka miwili na miezi tisa hivi. Wakati huo kitanda kimekwisha kuondolewa ubavu, na wa kwanza anakilalia kwa furaha. Mchanga naye atalala wapi? Ukirudisha ubavu, wa kwanza hana kitanda. Ukimwachia wa kwanza, utanunua kingine kwa ajili ya mchanga. Kwa njia yoyote utanunua mara mbili, na cha kwanza ulikilipia bei kubwa kwa sababu ya kugeuka kwake.

Linganisheni na njia ya wazee wetu. Kitanda kidogo cha kawaida, kisichogeuka, humlea wa kwanza, kikamlea wa pili, kikaazimwa kwa shangazi, kikarudi. Mkubwa akifikia umri wa kutoka humo, anapewa kitanda cha kawaida cha futi 3 kwa 6, ambacho atakitumia mpaka aende shule ya bweni. Kwa hiyo mkifika kwa fundi msiulize bei ya kitanda kinachogeuka peke yake. Ulizeni pia bei ya kitanda kidogo cha kawaida pamoja na kile cha futi 3 kwa 6, mjumlishe, ndipo mlinganishe. Na kumbukeni kwamba kile cha futi 3 kwa 6 hamkihitaji leo. Mna miaka miwili ya kukitafutia fedha.

Kuna jambo la godoro pia, ambalo wauzaji hawapendi kulizungumza. Vitanda vya watoto vinavyotoka ng'ambo vingi huchukua godoro la karibu sentimita 70 kwa 130. Magodoro yetu madukani ni ya futi 2½, 3, 3½ na kuendelea, yenye urefu wa futi 6. Itabidi ukate sponji na kumpa fundi cherehani akushonee foronya. Baadaye, kitanda kikigeuzwa kuwa cha mtu mzima, utanunua godoro jingine. Tena zile mbao mbili ndefu za kukigeuza mara nyingi huuzwa mbali na kitanda. Baada ya miaka mitano nani atakumbuka ziliuzwa wapi?

Mbao, bolti na kunguni

Milima yetu ina mbao. Shamba la miti la Shume, huko juu Lushoto, hutoa saipresi na misindano, na mafundi wengi huzitumia. Ni mbao nzuri zikikauka vizuri. Zikiwa mbichi hujipinda, na matundu ya bolti huacha njia yake. Kitanda cha kawaida huunganishwa mara moja kwa gundi na ulimi wa mbao, kikatulia. Kinachogeuka hufunguliwa na kufungwa tena, na kila mara mbao laini huliwa na bolti, mpaka siku moja ubavu unacheza. Ubavu unaocheza huacha mwanya, na mtoto huteleza hapo kiwiliwili kikapita, kichwa kikabaki. Halafu kila tundu na kila kiungo ni nyumba ya kunguni. Anayeishi na kunguni anajua tunasema nini.

Tuwe waangalifu zaidi na vitanda vya mitumba, hasa vile ambavyo ubavu wake mmoja huteremshwa na kupandishwa kama dirisha. Nchini Marekani vitanda hivyo vilikatazwa kutengenezwa na kuuzwa tangu Juni 28, 2011, kwa kuwa watoto zaidi ya 30 walikuwa wamekufa humo tangu mwaka 2000, vibanio vilipokatika au kulegea. Kitu kilichokatazwa kwa wenzetu kinaweza kabisa kupanda meli kikaja kwetu kwa bei nafuu. Ukikiona, kiache.

Ukiamua kununua, pima

Miaka michache iliyopita tuliitwa katika nyumba moja ambapo mtoto wa miezi saba alikuwa amenasa kichwa kati ya fito za kitanda kipya. Baba alikata ufito mmoja kwa msumeno, mama akiwa amekishika kichwa cha mtoto, na mtoto akapona. Tulipopima tulikuta nafasi ya sentimita 9 kati ya ufito na ufito. Fundi hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia kipimo.

Kipimo chenyewe ni hiki: nafasi isizidi sentimita 6. Chonga kipande cha mti chenye upana wa sentimita 6, uende nacho kwa fundi; kisipite mahali popote. Kopo la soda nalo lisipite. Godoro lijae kitandani, pasiwe na mwanya wa kupitisha vidole zaidi ya viwili kati yake na ubavu. Uzio uwe na kimo cha angalau sentimita 66 kutoka kwenye chaga, ili mtoto akisimama asipinduke nje. Pembe zisiwe na vichwa vinavyochomoza, maana nguo hunasa hapo na kumkaba mtoto. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto anayeota meno hutafuna ubavu wa kitanda. Usinunue kitanda cha zamani chenye rangi inayobanduka, wala usikikwangue ndani ya nyumba.

Chandarua ni cha lazima, hasa kwa ndugu zetu wa Mazinde ya chini, kandokando ya barabara kuu iendayo Moshi, ambako joto ni kali na mbu ni wengi. Lakini wa milimani nao wasijidanganye, kwani malaria hupanda mlima. Chandarua chenye dawa, kama kile wanachopewa akina mama kliniki, kining'inizwe darini, kikifunike kitanda chote, na pindo lake lichomekwe chini ya godoro kwa kukaza. Kisiguse mwili wa mtoto, wala kamba isimfikie. Kitanda kisichoweza kufunikwa vizuri kwa chandarua hakifai, hata kiwe kizuri namna gani.

Na kwa ninyi wa juu, wakati wa baridi ya Juni mpaka Agosti: msiingize jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua familia nzima usingizini. Mvisheni mtoto nguo za tabaka mbili tatu, zinatosha.

Mtoto akianza kujaribu kupanda uzio, au akifikia kimo cha karibu sentimita 89, mwondoeni humo. Kitanda cha chini kinatosha, au hata godoro juu ya mkeka sakafuni, chandarua kikiwa juu yake.

Nani anunue, basi?

Hatusemi kwamba kitanda kinachogeuka hakimfai mtu yeyote. Kama huyu ni kitinda mimba na hakuna mwingine atakayekihitaji, kama chumba kipo, kama mbao za kukigeuza zimo ndani ya bei na umeziona kwa macho yako, na kama fedha ni ziada, nunua bila wasiwasi. Tumeona kimoja kilichotengenezwa vizuri kwa mbao kavu, na mama mwenyewe anakisifu. Lakini kwa wanandoa wanaoanza, wenye mimba ya kwanza na fungu moja la fedha, jibu letu ni hapana.

Tena kuna sababu moja ambayo tunaiweka mbele ya zote. Mimba ya miezi saba ina matumizi yake yanayokuja: vifaa vya kujifungulia, na zaidi ya yote gari la kumteremsha mama usiku ikiwa uchungu umegeuka tatizo. Mkazi wa Mazinde Juu anajua njia ile ilivyo mvua za masika zikinyesha. Kwa mama anayetokwa na damu, gari linalopatikana mara moja na gari linalotafutiwa nauli kwa majirani si kitu kimoja. Fedha hiyo isiguswe kwa ajili ya samani.

Yule baba kijana tulimwambia hayo yote. Alinyamaza kidogo, akasema dada yake aliyeko Mombo ana kitanda kidogo kimekaa darini tangu mtoto wake aingie darasa la kwanza. Wiki iliyofuata alikwenda kukiangalia akiwa na kipande chake cha mti cha sentimita 6. Kilipita mahali pawili, palipokuwa na fito zilizovunjika. Fundi amezibadilisha, na godoro litakatwa kwa kipimo. Fedha za kikundi hajazigusa. Amekwisha kuelewana na jirani mwenye gari la kupeleka kabichi sokoni, na namba ya simu ya dereva imeandikwa ukutani kwa chaki.