Mgonjwa wa Kisukari na Sahani ya Wali

Bonde la Kilombero lasifika Tanzania nzima kwa mpunga wake. Kutoka Ifakara hata Mngeta na Mlimba, mpunga ndio shamba, ndio ada ya shule ya watoto, na ndio chakula cha mchana na cha usiku. Kwa hiyo mtu wa bonde hili aambiwapo na daktari ya kuwa ana kisukari, neno la kwanza limtokalo ni hili: "Basi nitakula nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni la haki nalo lastahili jibu. Wapo walioogopa wakajinyima chakula mpaka wakadhoofika; na wapo waliodharau, wakaendelea na sahani ile ile mpaka macho na figo zikaharibika. Njia zote mbili ni za hatari. Njia iliyo salama ni ya kati, nayo jina lake ni kipimo.

Kwanza yapasa kuufahamu ugonjwa wenyewe. Vyakula vya wanga, yaani wali, ugali, muhogo, viazi, ndizi na mfano wa hivyo, vikifika tumboni huvunjwavunjwa vikawa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika viungo vinavyoihitaji ili mtu apate nguvu. Kwa mgonjwa wa kisukari, ama insulini haipo, ama haitoshi, ama mwili hauitii. Hivyo sukari hubaki katika damu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikionyesha milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikaonyesha vivyo hivyo, mtu huyo ana kisukari.

Watu wa Ifakara waijua malaria vizuri, kwa kuwa utafiti wa ugonjwa huo umefanyika mjini kwao kwa miaka mingi. Malaria huja na homa, mgonjwa humeza dawa, dozi ikaisha, akarudi shambani. Kisukari si hivyo. Kinaweza kukaa miaka bila kupiga hodi, na dawa yake haina siku ya kwisha. Anayesema "nimemaliza dozi" akaacha dawa za kisukari bila ya shauri la daktari, amejidhulumu nafsi yake.

Wala mtu asidhani ya kuwa huu ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa mtu asiyefika 1 katika kila watu 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari iliyozidi kwa watu 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima hazikuwa sawa, lakini tofauti hiyo ni kubwa, wala haifai kupuuzwa.

Sasa natuyatazame madai matatu yasikikayo mara nyingi.

Dai la kwanza: "Mimi nimeacha sukari katika chai. Wali si sukari." Jibu lake lapatikana kwa hesabu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi za wanga. Aliyeacha vijiko 3 ameepuka gramu 12, na amefanya vyema. Lakini kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi. Sahani iliyorundikwa yaweza kubeba vikombe 3, yaani gramu 135, sawa na vijiko zaidi ya 30 vya sukari! Ulimi hauonji utamu wake, lakini damu huupokea.

Dai la pili: "Nimeacha wali, sasa nala ugali wa dona, hauna madhara." Ni kweli kwamba dona ina nyuzinyuzi, nazo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Lakini kupunguza kasi si kuondoa. Dona nayo ni wanga, na mlima wa ugali hauwi kilima kwa sababu ya pumba zake. Kadhalika uji, kwa kuwa ni laini, huenda upesi, na uliotiwa sukari huenda upesi zaidi. Ama soda, maji ya miwa na maji ya matunda, hivyo hupandisha sukari kwa haraka. Ni heri kula kipande cha embe kuliko kunywa bilauri ya maji ya maembe manne.

Dai la tatu: "Basi afadhali nisile kabisa." Hili ni baya vilevile, hasa kwa atumiaye insulini au vidonge viongezavyo insulini mwilini. Akimeza dawa bila kula, sukari yaweza kushuka chini ya milimoli 4. Hapo hutetemeka, hutoka jasho, moyo hwenda mbio, fikira huchanganyika, na yaweza kuwa sababu ya kifo. Aonapo dalili hizo, na anywe mara moja vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji, apumzike dakika 15, apime tena kama ana kipimo, na dalili zisipoisha arudie. Kisha ale chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali haraka.

Basi ale nini? Ale chakula kile kile cha nyumbani, lakini kwa mpango. Aigawe sahani mafungu mawili. Nusu moja iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, majani ya maboga. Nusu ya pili igawanywe tena: robo iwe samaki, kama perege au kambale wa mtoni, au kuku, au kunde; na robo iliyobaki ndiyo ya wali au ugali. Kunde na maharage zina wanga pia, kwa hiyo akizila nyingi apunguze wali. Atumie kikombe kile kile kupimia kila siku, wala asiruke mlo wa mchana ili aujazie usiku.

Hapa pana ugumu mmoja. Katika nyumba nyingi watu hula pamoja katika sinia, na katika sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Mgonjwa apakuliwe sahani yake kwanza, kisha akae pamoja na wenziwe. Kufanya hivyo si kiburi wala kujitenga. Na mpishi wa nyumba afundishwe pamoja na mgonjwa, maana yeye ndiye ashikaye upawa.

Wakati wa kilimo mtu hulala katika dungu mbali na nyumba, akafanya kazi ya jua kutwa. Kazi hiyo hula sukari ya mwili. Na achukue dawa zake, chakula chake, na sukari kidogo mfukoni. Na amwambie mwenzake wa shamba la jirani dalili za kutazama.

Kuhusu saumu, Qurani Tukufu katika Sura al-Baqara imemruhusu mgonjwa asifunge. Ruhusa hiyo ni rehema, si aibu. Mgonjwa aulize daktari wake kabla ya Ramadhani, si baada ya kuzimia. Na anayeruhusiwa kufunga akumbuke ya kuwa tende, uji, viazi na maandazi vikikutana katika futari moja, vyote ni wanga.

Ndugu msomaji, kama wewe una kiu isiyokwisha, wakojoa mara nyingi usiku, wapungua mwili bila sababu, au vidonda vyako havikauki, nenda ukapimwe wiki hii. Na kama umekwisha kupimwa, leo kabla ya kupakua, chukua kikombe.