Oili ya Giaboksi na Difu: Pima Inayotoka, Jua Inakoenda

Jumamosi asubuhi mtaani Lavington, si ajabu kuona gari limeinuliwa kwa jeki ndani ya lango, mwenyewe akiwa na spana mkononi. Mara nyingi anabadilisha oili ya injini. Oili ya giaboksi na ya difu ndiyo inayosahaulika, hasa kwa magari yaliyokwisha kutembea kilomita 150,000 au 200,000. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, hivyo mengi huwa na safari ndefu nyuma yake kabla hayajafika Mombasa. Kitabu cha gari kutoka Japani nacho mara nyingi kimeandikwa kwa Kijapani, na mnunuzi hajui oili hiyo ilibadilishwa lini mara ya mwisho.

Kazi hii inaweza kufanywa nyumbani, lakini huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha oili isiyofaa au isiyotosha, na giaboksi ikafa. Ya pili ni kumwaga oili chafu mtaroni, na hasara ikawa ya watu wasiohusika. Chombo kimoja chenye alama za lita husaidia kuzuia makosa yote mawili.

Kwa nini oili hii huchoka

Giaboksi ina gia zinazosuguana, na oili huzilainisha na kuzipoza. Katika gari la otomatiki oili hiyo ina kazi zaidi: ndiyo inayobeba shinikizo linalobadilisha gia. Joto huichosha. Gari linalosimama na kuondoka kila mara katika foleni ya Barabara ya James Gichuru au Ngong Road huipasha giaboksi joto zaidi kuliko linalokwenda moja kwa moja kwenye barabara kuu. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hufupisha muda wa kubadilisha oili kwa magari yanayofanya kazi ngumu.

Ijue oili ya gari lako

Oili za giaboksi hazifanani. Giaboksi ya kawaida ya otomatiki hutumia ATF, na hata hizo zina aina zake: Toyota nyingi za miaka ya karibuni hutaka ATF WS. Giaboksi ya CVT hutaka oili yake maalumu, kwa mfano NS-2 au NS-3 kwa Nissan nyingi. Kuweka ATF ya kawaida ndani ya CVT kunaweza kuiua giaboksi kabisa.

Kwa gari la gia za mkono, angalia kama linataka oili ya GL-4 au GL-5. Baadhi ya oili za GL-5 zina kemikali zinazoweza kula sehemu za shaba ndani ya giaboksi iliyotengenezewa GL-4. Difu ya nyuma, kwa upande wake, mara nyingi hutaka GL-5. Gari la magurudumu manne huwa pia na transfa kesi yenye oili yake.

Kama kitabu hakisomeki, tafuta sahani ndogo ya chuma kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota, maneno TRANS/AXLE hufuatwa na namba ya giaboksi na difu. Ipige picha uende nayo dukani, iwe ni mtaani au Kirinyaga Road, badala ya kumwambia muuzaji "nipe ya otomatiki." Hakikisha chupa imefungwa vizuri na ina alama ya ubora ya KEBS.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Gari liegeshwe mahali pagumu na tambarare. Wanaoishi katika nyumba za ghorofa waulize kwanza kama usimamizi unaruhusu kazi hiyo. Vuta breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa mawe au vigingi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Jeki huinua, stendi za chuma ndizo zinazobeba. Gari lipumzishwe hadi oili iwe ya vuguvugu, kwa maana oili iliyotoka kwenye giaboksi yenye moto huunguza ngozi.

Hatua kwa hatua

1. Fungua nati ya kujazia kwanza. Hii ndiyo kanuni inayookoa wengi. Katika gari la zamani nati hiyo inaweza kuwa imeshikana kwa kutu. Ukimwaga oili yote kisha ukashindwa kuifungua, gari haliwezi kusogea hata hadi kwa fundi. Kama giaboksi hujaziwa kupitia tundu la kijiti cha kupimia, hakikisha kijiti kinatoka na uangalie kiwango cha oili kabla ya kumwaga.

2. Hakikisha nati unayofungua ni yenyewe. Katika baadhi ya Subaru na Nissan za CVT, nati ya giaboksi hudhaniwa kuwa ya injini. Mtu humwaga oili ya giaboksi, kisha huongeza oili mpya kwenye injini ambayo bado imejaa. Hapo huharibu vyote viwili kwa asubuhi moja.

3. Weka karai pana chini, kisha fungua nati ya kumwagia. Nyingi zina sumaku. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida, mwite fundi.

4. Ikiisha kupoa, mimina oili yote kwenye chombo chenye alama za lita. Kama ilikuwa kwenye kiwango sahihi na zimetoka lita 3.5, zitarudi 3.5. Andika kipimo hicho.

5. Weka pete mpya kwenye nati na uikaze kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Kukaza kupita kiasi hukata nyuzi.

6. Jaza oili mpya. Kwa difu nyingi, oili hufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

7. Kwa otomatiki yenye kijiti, teremsha gari, washa injini mahali penye hewa, kanyaga breki, pitisha gia zote polepole, kisha urudi P. Pima kiwango kama kitabu kinavyoelekeza; magari mengi ya Toyota hupimwa injini ikinguruma, lakini mengi ya Honda hupimwa ikiwa imezimwa. Giaboksi zisizo na kijiti hupimwa kwa joto maalumu, na kazi hiyo ni bora kumwachia fundi mwenye kifaa.

Umwagaji wa namna hii hautoi oili yote. Nyingine hubaki ndani. Kwa gari la kilomita nyingi, mafundi wengi hupendelea kurudia baada ya muda mfupi kuliko kuisafisha kwa mashine ya shinikizo, inayoweza kusukuma uchafu wa zamani hadi kwenye njia nyembamba.

Gari likiwa tayari linalalamika

Oili mpya haiponyi giaboksi iliyokwisha kuchakaa. Kama gari linateleza gia, linachelewa kuondoka, au oili inanuka kama kitu kilichoungua, fundi aliangalie kabla ya oili kuguswa. Oili yenye rangi ya waridi kama maziwa ina maana maji ya rejeta yameingia ndani. Usiliendeshe.

Oili iliyotumika haiendi mtaroni

Lita zile 3.5 zilizopimwa bado zinahitaji pa kwenda. Mitaro ya mvua haielekei kwenye mtambo wa kusafisha maji, huelekea mtoni. Maji ya Lavington na maeneo jirani hushuka hadi Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, kisha Mto Nairobi, ambao humiminika katika Mto Athi. Athi hubadilika jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na huingia Bahari Hindi kaskazini ya Malindi. Njiani kuna watu wanaonyweshea sukuma wiki kwa maji hayo. Shirika la kulinda mazingira la Marekani, EPA, hueleza kuwa oili inayotolewa garini mara moja tu inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kuingiza uchafu wenye sumu majini. Oili hii pia isipakwe kwenye nguzo za ua wala kumwagwa kwenye vumbi la barabara, kwa sababu mvua ya Aprili au Novemba huisomba hadi mtaro ule ule.

Imimine kwenye mtungi wenye kifuniko kinachokaza na uandike "OILI ILIYOTUMIKA." Usiichanganye na petroli, maji ya rejeta wala oili ya breki, kwa sababu ikichanganywa ni vigumu kuitumia upya. Kabla hujaanza kazi, uliza gereji au kituo cha mafuta kama kinapokea oili iliyotumika na kama anayeichukua ana leseni ya NEMA. Iliyodondoka chini ifunike kwa mchanga au vumbi la mbao, kisha uizoe. Usiioshe kwa sabuni na maji. Chupa tupu zikate, zisije zikatumiwa kuuzia oili bandia.

Kipimo cha mwisho ni rahisi. Lita zilizotoka kwenye gari ziwe sawa na lita zilizopelekwa kwa mpokeaji. Zikipungua, tafuta zilikomwagikia kabla mvua haijazifikia.