JIWE LIKIWA HEWANI, NI NANI ANALISUKUMA?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mazoea yana taabu. Katika makala haya nataka kukuonyesha jinsi mazoea yanavyotuangusha katika somo la Fizikia, hasa katika ile mada ya mwendo ambayo sisi wa kidato cha tatu tunaihangaikia. Wengi hulikimbia somo hili wakidhani hesabu ndizo zinazowashinda. Mimi pia nilidhani hivyo, na nusura niliache. Kumbe adui yangu hakuwa hesabu!

Siku moja mwalimu wetu alitupa maswali mawili. La kwanza: jiwe limerushwa juu wima kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Je, litafika kimo gani? Karibu darasa zima tulipata jibu, mita 20. Swali la pili halikuwa na hesabu hata chembe: jiwe hilo likiwa linapanda, ni nini kinacholisukuma au kulivuta? Tukaandika bila wasiwasi kwamba nguvu ya mkono inalisukuma juu, dunia inalivuta chini, na pale kileleni nguvu hizo mbili hulingana. Lo! Ni wawili tu waliopata.

Hebu tuangalie jibu lenyewe. Tukiacha kando ukinzani mdogo wa hewa, jiwe lina mvuto wa dunia tu. Mkono uliachana nalo zamani, na mkono hausukumi kitu usichokigusa. Mvuto huo hubadilisha kasi ya jiwe kwa takriban mita 10 kwa sekunde, kila sekunde. Mwanzoni kasi ni 20. Baada ya sekunde moja ni 10. Baada ya sekunde mbili ni sufuri, na hapo ndipo kileleni. Baada ya sekunde tatu ni 10 tena, lakini sasa jiwe linashuka. Umeona? Badiliko ni lile lile, hata pale kileleni. Kama pangekuwa na nguvu mbili zinazolingana, jiwe lingebaki limening'inia hewani kama taa. Nani amewahi kuliona jambo hilo?

Sasa, kwa nini tulikosea? Ni kwa sababu ya mkokoteni. Tangu utotoni tumeona kwamba ukiusukuma unaenda, ukiuacha unasimama. Tukaamini kuwa kila kiendacho lazima kiwe kinasukumwa. Tusijione wajinga, kwani hata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha karibu hivyo hivyo, na watu wakamfuata kwa karne nyingi. Galileo wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka wa 1638, alieleza kwamba mpira ukiteremka mteremko mmoja hupanda wa pili hadi karibu kimo kile kile. Ukiulaza ule wa pili zaidi, mpira huenda mbali zaidi. Je, ukiulaza kabisa na usiwe na msuguano? Mpira utaendelea tu bila kusukumwa na yeyote. Mwaka wa 1687 Newton wa Uingereza akaifanya fikira hiyo kuwa kanuni yake ya kwanza. Mkokoteni husimama kwa sababu msuguano unauzuia, si kwa sababu nguvu imeuishia. Na matatu ikifunga breki ghafla, ukarushwa mbele, hakuna aliyekusukuma. Gari limezuiwa, wewe ungali unaendelea na safari! Ndiyo maana tunafunga mikanda.

Mwalimu alitusimulia kisa kilichonipa moyo. Mwaka wa 1985, Ibrahim Halloun na David Hestenes walichapisha matokeo ya jaribio walilowapa wanafunzi wa chuo kikuu wanaoanza Fizikia. Waligundua kuwa wengi walimaliza kozi wakiwa bado na imani zile zile za mkokoteni. Eric Mazur, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipowapa wanafunzi wake jaribio hilo, mmoja akamwuliza ajibu jinsi alivyofundishwa au jinsi anavyofikiri mwenyewe. Profesa alishtuka sana. Kuanzia mwaka wa 1991 akapunguza kuhutubu: anauliza swali, kila mtu anachagua jibu, kisha wanajadiliana na jirani kabla ya kujibu tena.

Hapa ndipo chama chetu cha Kiswahili kinapoingia. Katika mazungumzo ya kila siku neno "nguvu" hubeba mizigo mingi. Tunasema nguvu za mwili, nguvu za umeme, gari lina nguvu. Kiswahili cha sayansi kimetenganisha: msukumo au mvuto ni kani, na uwezo wa kufanya kazi ni nishati. Mkono uliupa mwili wa jiwe nishati, lakini kani yake ilikwisha vidole vilipofunguka. Siku nilipoielewa sentensi hiyo, swali la jiwe lilinifungukia.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, nakuomba ufanye mambo matatu kabla ya kukimbilia fomula:

1. Chora kitu chenyewe, kisha uulize: ni nini kinachokigusa? Hiyo ndiyo inayoweza kukisukuma. Halafu ongeza mvuto wa dunia.
2. Eleza kwa Kiswahili, kwa maneno yako, kitakachotokea.
3. Bishana na jirani yako mpaka mmoja wenu akubali kwa hoja, si kwa kelele.

Sisi tulibishana kuhusu jiwe wakati wa chamcha mpaka kengele ikalia. Katika mtihani uliofuata nilipata swali la aina hiyo, na sikulitaja tena jina la mkono. Fizikia sijaiacha. Nawe usiiache kabla ya kujua ni nini hasa kinachokushinda.